Mwembe wa Katuba

Kikundi: Familia ya Katuba
Jumamosi

Odette, 06:48
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mvua ya kwanza imenyesha usiku hapa Katuba, Lubumbashi, imekuja na upepo mkali, na tawi moja la mwembe wa Baba limeangukia jiko la Mama. Mama hakuumia, kwa kuwa alikwisha kulala katika nyumba kubwa, lakini mabati mawili yamekunjika, na jirani wa upande wa kushoto amefika alfajiri kutuambia kwamba safari ijayo litaanguka juu ya ukuta wake.

Justin, 07:05
Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama. Mti huo nimeusema tangu zamani: umezeeka, na sasa unatutafuta. Mimi niko Kolwezi, lakini namjua kijana mmoja wa mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, mwenye msumeno wa mashine, ambaye yuko tayari kuukata bila kudai hata franka moja, mradi achukue kuni zote akachome makala, yaani makaa. Kama Mama hataki uondolewe kabisa, basi aukate kichwa usawa wa paa, tupate amani miaka kumi.

Yaya Béatrice, 07:19
Baba aliupanda mwaka 1963, mwaka niliozaliwa mimi. Justin, ikiwa kilichozeeka hukatwa, naomba unijulishe mapema ili nifunge mizigo yangu.

Justin, 07:21
Nisamehe, Yaya, dada yangu mkubwa. Nilisema mti.

Patrick, 07:40
Jambo Mama, jambo ba yaya wote, kaka na dada zangu wakubwa. Kabla hatujamwita mtu yeyote mwenye msumeno, namwomba Deborah apige picha ya mahali tawi lilipochomoka kwenye mti. Tawi lenyewe lililolala chini halitatuambia mengi. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Johannesburg, kukwea miti mikubwa ya viwanja vya watu na kuamua tawi lipi libaki na lipi lishuke, na nimezoea kuanza na kidonda.

Deborah, 08:02
Mjomba, nimepanda ngazi, na picha tatu nimezituma. Tawi lilikuwa nene kama paja langu. Pale lilipokuwa limeshika, mbao nzima, isiyooza, ni ukanda mwembamba wa upande wa nje, upana wa vidole vitatu. Ndani yake pana duara jeusi, laini, linalobonyea nikiligusa na kunuka uyoga, nalo ni bapa kabisa, kama kwamba lilikatwa kwa msumeno zamani.

Patrick, 08:20
Lilikatwa kweli. Mwaka 2009, matawi yalipokuwa yanagusa nyaya za umeme, tuliita watu wakaukata mwembe kichwa chote, na mimi mwenyewe nilishika kamba nikishangilia. Mti uliokatwa hivyo hupoteza majani yanayoulisha, kwa hiyo hukimbilia kutoa machipukizi mengi kwa mara moja kuzunguka kila kisiki, na machipukizi hayo hushikamana na tabaka la nje tu, tofauti na tawi lililokua pamoja na shina na kufumana nalo mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo kidonda kipana kinaoza kwenda chini. Miaka inapita, chipukizi linakuwa zito kuliko mtu mzima, nalo limeegemea kitu kilichooza. Yaya Justin, uzee haukuliangusha tawi la jana. Liliangushwa na msumeno wa 2009.

Justin, 08:26
Basi hoja yako inanisaidia mimi. Kama machipukizi mengine yote yameshika hivyo hivyo, tuuondoe wote tumalize.

Mama, 08:41
Anayekaa chini yake ni mimi. Ninyi mnaokaa penye feni mmesahau nyumba ya mabati isiyo na kivuli ilivyo mwezi wa kumi. Na maembe yake yalilipa karo ya Patrick miaka miwili, jambo ambalo Patrick amekumbuka vizuri kuliko wengine. Lakini nina swali. Kuna tundu shinani, upande wa choo, ndege huingia humo. Baba yenu alitaka kuliziba kwa saruji. Je, nimwite fundi mwashi?

Patrick, 08:58
Hapana, Mama, tafadhali. Mti huyumba na saruji haiyumbi, kwa hiyo saruji husaga kingo za tundu kila upepo unapovuma, na ndani yake unyevu hukaa. Zamani hata wataalamu wa Ulaya na Marekani waliziba matundu kwa saruji na kupaka vidonda lami. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone uozo unavyosafiri, na katika miaka ya 1970 alieleza kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona: hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha huendelea kukua nje ya kuta hizo. Kwa sababu hiyo, tundu lisikwanguliwe pia, maana anayekwangua mpaka kwenye mbao ngumu anabomoa kuta ambazo mti umejijengea.

Deborah, naomba mambo manne. Pima mzunguko wa shina usawa wa kifua chako. Pima unene wa mbao ngumu kwenye ukingo wa tundu. Gonga shina lote kwa nyundo ukisikiliza. Kisha zunguka chini utazame kama kuna uyoga, au udongo uliopasuka na kuinuka.

Deborah, 09:47
Mzunguko ni sentimita 251. Ukingo wa tundu una sentimita 18 za mbao ngumu. Nyundo inalia kama ngoma upande wa choo tu, kwingine inalia kavu. Uyoga sikuuona. Udongo siwezi kuuona, kwa sababu upande wote wa lango umefunikwa kwa saruji.

Patrick, 10:10
Sentimita 251 ni kipenyo cha kama 80, yaani nusu yake ni 40. Kuna kanuni inayotumika sana: shina lenye uwazi ndani hubaki na nguvu za kutosha ikiwa ganda la mbao nzima lina unene wa theluthi moja hivi ya nusu-kipenyo, na kwetu theluthi hiyo ni kama 13. Kanuni hii ni ya kuanzia tu, na shina lenye tundu lililo wazi linahitaji ganda nene zaidi, lakini 18 hainitishi. Moyo wa mti ni mbao zilizokwisha kufa. Zinazobeba uzito wakati wa upepo zaidi ni zile za nje.

Kinachonitisha ni hiyo saruji ya lango. Ni nani aliyeimwaga?

Justin, 10:14
Mimi, mwaka 2018, ili gari lisilale kwenye matope. Nilimwaga mpaka kwenye shina, pakawa safi.

Patrick, 10:31
Yaya, watu wengi hudhani mizizi imekwenda chini kama kisima, kumbe sehemu kubwa imo katika nusu mita ya kwanza ya udongo, na inatambaa kwenda mbali kuliko kivuli cha matawi. Inahitaji hewa na maji, na saruji imeinyima vyote viwili. Ndiyo maana matawi ya upande wa lango yamekauka ncha na yale ya upande wa choo bado ni mabichi. Ninaomba saruji ivunjwe mita mbili kuanzia shinani, kwa nyundo na mikono, bila sururu kushuka kwenye mizizi. Kisha patandazwe majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse gome la shina.

Mama, 10:36
Majani? Uani kwangu? Nafagia kila asubuhi tangu niolewe, na udongo wangu unaonekana. Majani yakilala, nyoka hulala chini yake.

Yaya Béatrice, 10:44
Mama ana haki. Mimi pia nilichapwa kwa sababu ya majani ya mti huohuo.

Patrick, 11:02
Basi tufanye duara dogo, Mama. Deborah apange matofali kuzunguka mti, majani unayoyafagia uyatupe ndani ya duara badala ya kuyachoma nyuma ya jiko, na uwanja mwingine wote ubaki mweupe kama unavyopenda. Ni tabaka la kiganja tu, lisilofika kuwa chungu. Ukitaka, liguse kwa fimbo kila siku.

Mama, 11:09
Nitaligusa kwa fimbo.

Patrick, 11:30
Kuhusu matawi: kwa sasa yashuke yaliyokufa na lile lililobaki linaning'inia, hayo hayangoji msimu. Machipukizi mengine yapunguzwe urefu baada ya kuvuna maembe, machache kila mwaka kwa miaka mitatu, maana mti mzee haustahili kunyang'anywa hata robo ya majani yake kwa mwaka mmoja. Atakayekwea akate kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, kisha kutoka juu, ili tawi lisianguke na kuchuna gome. Kisiki kinachobaki akikate nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, asiuguse uvimbe wenyewe na asiache kigingi. Tawi lililo karibu na waya asiliguse kabisa mpaka umeme uzimwe na wenye laini yao, kwa sababu tawi bichi hupitisha umeme.

Odette, 11:38
Namjua mzee mmoja anayekwea kwa kamba, ana subira. Nitamwomba aje Jumatano, na nitamsomea maneno haya yote kabla hajavua viatu.

Justin, 11:45
Sawa, nimekubali. Kijana wa mtaa wa Kenya nitamwambia atafute makala kwingine, na saruji nitakuja kuivunja mwenyewe mwisho wa mwezi. Nina swali moja tu: nani analipa mabati mawili ya jiko?

Yaya Béatrice, 11:47
Mwenye kumwaga saruji bati moja, mwenye kushika kamba ya 2009 bati la pili.

Patrick, 11:50
Natuma leo.