Roboti za kufagia na kupiga deki: ipi inaweza taili za Nairobi?

MamaPacha_Kinoo
Wadau, hamjambo? Kwetu ni taili kuanzia mlangoni hadi jikoni, zulia hakuna. Mbele ya geti ni barabara ya udongo mwekundu, na watoto wanatambaa. Naona aina tatu madukani: ya kufyonza vumbi pekee, ya kufyonza huku ikiburuta kitambaa chenye maji, na yenye vitambaa viwili vya duara vinavyozunguka, ikirudi kuvioshea kwenye kituo chake. Bei zimeachana sana. Tofauti inaonekana sakafuni?

Otis_SouthB
Inaonekana, dada. Kitambaa cha kuburutwa hakisugui, kinalowesha tu. Vumbi jekundu likilowa ni tope, na kitambaa kilichotoka jikoni ndicho kinaingia sebuleni. Kwa taili nyeupe, jua likipiga utaona michirizi. Vinavyozunguka hukandamiza na kusugua. Doa la chai lililokauka linatoka, pengine roboti ikirudia. Lakini mimi pesa yangu ningeilipia kile kituo. Bila kuosha kitambaa katikati ya kazi, chumba cha mwisho kinapigwa deki na uchafu wa cha kwanza.

Nyota_Ruaka
Kuna aina ya nne: rola, yaani silinda ya kitambaa. Inamwagiwa maji safi ikiendelea kuzunguka, na kibanzi kinakamua maji machafu kwenye tangi la pembeni. Kwa uji uliomwagika ni nzuri kuliko zote. Bei yake ndiyo inauma.

FundiStima
Mama Pacha, usinunue kwa kuangalia namba za Pa (paskali, kipimo cha nguvu ya kufyonza) kwenye boksi. Nguvu ya kufyonza ni muhimu kwa zulia. Kwenye taili vumbi limekaa juu, isipokuwa kwenye ile mistari ya saruji kati ya taili, hapo nguvu inasaidia. La kuuliza ni kama inachora ramani kwa leza. Zile za kugonga ukuta na kugeuka ovyo huacha sehemu bila kuguswa. Pia brashi ya pembeni ikizunguka kasi hurusha mchele badala ya kuukusanya, kwa hivyo ipunguze mwendo jikoni. Na kwa sababu nyingi ni za duara, kona zitabaki za ufagio.

Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani, soma nyuma ya kituo. Kikiandikwa volti 120 pekee, stima yetu ya 240 itakiunguza.

Katani_Kisima
Mbona hakuna aliyetaja maji? Huku kwetu ni ya kisima, yana chumvi. Taili nyeusi ikikauka inabaki na ukungu mweupe, hata mashine iwe ya bei gani. Mimi hutumia ya mvua. Jik usiweke kwenye tangi, wala sabuni ya povu jingi. Mipira inaharibika na njia za maji zinaziba. Na tangi la maji machafu limwage kila siku, joto la Januari likilikuta litanuka nyumba nzima.

Shosho_Parkee
Wanangu, wenye sakafu ya mbao wawe waangalifu. Punguzeni maji kabisa, maana yakiingia kwenye maungio mbao zinavimba. Sakafu nyekundu ya saruji iliyopigwa polishi nayo, kitambaa kinachozunguka kitaing'oa polishi yote. Hapo ni kufyonza tu.

MamaPacha_Kinoo
Asanteni sana. Shosho, shikamoo. Kwetu ni taili tupu, basi nachukua ya vitambaa vya kuzunguka, yenye leza na kituo. Mgao wa maji ukija je?

Otis_SouthB
Kituo kina tangi lake, unalijaza kwa jagi. Hakiungwi na bomba, labda ununue kile maalum. Siku ya uhaba iache ifyonze pekee. Kwa vumbi la Kinoo, hiyo tayari ni kazi kubwa. Ila ulizia kwanza kama duka linauza vitambaa vya ziada, maana vikichakaa ukose, utakuwa na mashine ya nusu.