Sauti laini inameza silabi nikiongeza kasi, nifanyeje?

Swali

Habari zenu wapendwa. Natumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na kazi yangu ni kusahihisha miswada mirefu ya Kiswahili, mingine imechanganywa na Kiingereza humohumo. Tangu macho yalipogoma nimetafuta sauti inayofanana na ya binadamu, nikapata moja inayojua hata kuvuta pumzi. Kwa hadithi ni raha tupu. Kazini inanitesa. Nikiipa kasi, "hawajatuletea" na "hawakutuletea" nashindwa kuzitofautisha. Nikipita herufi kwa herufi, kila mshale ninaobonyeza unachelewa kujibiwa. Alama za uakifishaji ndizo ninazolipwa kuzikagua, nazo sizisikii. eSpeak, ile sauti ya kimashine inayokuja na NVDA, niliijaribu nikaikimbia kwa ukavu wake. Inarekebishika?

Jibu

Pole dada. Mimi nasoma kwa sikio tangu utotoni, na msimamo wangu ni huu: usiichague sauti kwa uzuri, ichague kwa kazi.

eSpeak haikujengwa juu ya rekodi ndefu za usemaji wa mtu. Sehemu kubwa ya mlio inaiunda kwa hesabu, ni programu ndogo sana, ndiyo maana inajibu papo hapo na konsonanti zake zinabaki kali hata ikikimbizwa. Sauti laini hutengenezwa kutokana na usemaji wa watu, na watu hawasemi kwa kasi tunayosomea sisi. Ukavu unazoeleka, tena unapendeka. Mwanafizikia Stephen Hawking alibaki na sauti yake ya kimashine, iliyotokana na kazi ya Dennis Klatt, mtafiti wa usemaji wa kompyuta, hata zilipokuja zilizo laini zaidi.

Sasa fanya hivi. Bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na Ctrl na V, mipangilio ya usemaji itafunguka. Chagua eSpeak, weka lugha ya Kiswahili, kisha pitia orodha ya aina za sauti moja baada ya nyingine. Wengi huishia kwenye ile ya mwanzo wakadhani eSpeak ndiyo hiyo tu. Shusha kimo cha sauti kidogo, punguza na mpando wake, yaani kupanda na kushuka kwake, maana ukali unaochosha kichwa uko hapo zaidi ya kwenye kasi. Kasi iongeze polepole sikio likizoea. Kuna pia asilimia ya kupandisha sauti penye herufi kubwa. Kwa kazi yako iongeze, jina lililoandikwa kwa herufi ndogo utalinasa mara moja. Alama utazipata kwa NVDA na P, bonyeza mpaka isome zote.

Kamusi ya matamshi itumie kwa tahadhari, nakusihi. Ukiiambia isome "Mhe." kama "Mheshimiwa", hutajua kama mwandishi ameandika kifupi au neno zima. Inamfaa msomaji, mhariri inamficha makosa.

Kuhusu Kiingereza, NVDA hubadili lugha yenyewe pale tu kipande hicho kilipotajwa lugha yake. Kisipotajwa, "come" itasomwa kana kwamba ni neno la Kiswahili.

Na sauti yako laini usiitupe. Bonyeza NVDA, Ctrl na P, tengeneza wasifu mpya, yaani mipangilio ya pembeni, uufunge kwenye usomaji mfululizo. Ukiagiza isome yote, inaingia sauti laini. Ukigusa mshale, eSpeak inarudi.

Jibu

Mwanangu, huyo ndugu amesema vyema, ila masikio hayalingani. Mimi uzee umenipunguzia usikivu wa milio myembamba, "s" na "f" zinanipotea kabisa kwenye eSpeak. Nimebaki na sauti laini ya kiume, nzito, ya kasi ya wastani. Na kichwani navaa vipokea sauti vizuri. Spika ya kompyuta ilikuwa inanionyesha sauti zote ni mbaya.

Aliyeuliza

Asanteni sana, na shikamoo mzee wangu. Wasifu wa usomaji mfululizo umekubali! Aina ya sauti nimepata ya kike, ya chini, haichomi. "Hawaja" na "hawaku" sasa ziko mbalimbali kabisa. Kitu kimoja: nikisomewa alama zote, sentensi inakatikakatika nikapoteza maana.

Jibu la kwanza tena

Soma mara mbili, dada. Kwanza alama chache, ufuate maana. Kisha zote, ukague. Kwenye ule wasifu wa kusoma mfululizo weka alama chache, kwingine acha zote, hutahitaji kubadili kwa mkono.