Namba kubwa za asili na anga: hukadiriwaje, na mtu azielewe vipi?

Mdadisi_wa_Anga aliandika:

Wakuu, habari zenu.

Naandaa kipindi cha wanafunzi wa sekondari kuhusu ukubwa wa ulimwengu, na kuna mambo mawili sijayapatia njia.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Kila mahali inasemwa nyota ni nyingi kuliko chembe za mchanga za fukwe zote za dunia, lakini hesabu haionyeshwi. Hakuna aliyehesabu nyota moja moja, na hakuna aliyehesabu mchanga. Namba hizo zinatoka wapi, na mwanafunzi anaweza kuzifikia mwenyewe kwa kalamu na karatasi?

La pili ni kuelewa. Mwanafunzi anaandika 10^22 (yaani 1 ikifuatwa na sifuri 22) bila kukosea, ila kwake haina tofauti na 10^19. Sitafuti mfano wa kushangaza watu. Natafuta njia ambayo wataitumia tena kwa namba yoyote watakayokutana nayo. Wanaojua naomba watoe hatua, na hasa waseme watu huteleza wapi.

---

Kipeo_cha_Tatu alijibu:

Mkuu, anza na mchanga, maana huo wanaweza kuushika mkononi.

Idadi ya chembe ni zao la vitu vinne: urefu wa fukwe, upana, kina, na chembe zilizomo katika mita moja ya ujazo. Hicho cha nne ndicho kinachobeba hesabu nzima, kwa hiyo kipimwe, kisibuniwe. Bandika utepe wa gundi juu ya karatasi nyeusi kando ya rula, nyunyiza mchanga kidogo, kisha kwa lenzi pangeni chembe zikigusana kwenye mstari wa sentimita moja. Zikiingia 20, kipenyo cha wastani ni milimita 0.5. Rudieni mistari mitano, chukueni wastani.

Sasa ichukulie chembe kuwa tufe. Ujazo wake ni π/6 × 0.5^3, yaani milimita za ujazo 0.065. Mita moja ya ujazo ina milimita za ujazo 10^9, lakini mchanga huacha karibu asilimia 40 ya nafasi wazi kati ya chembe na chembe. Kwa hiyo 0.6 × 10^9 ÷ 0.065 inatoa karibu 9 × 10^9. Iandike 10^10, usihangaike na desimali.

Pwani za dunia zikipimwa kwenye ramani za kawaida ni kama kilomita 350,000, na karibu theluthi yake ni ya mchanga. Tuseme kilomita 100,000, yaani mita 10^8. Chukua upana wa mita 50 na kina cha mita 5: unapata mita za ujazo 2.5 × 10^10. Zidisha kwa 10^10, jibu ni chembe 2.5 × 10^20.

Watu huteleza kwenye kipenyo. Kosa dogo la kipenyo hupandishwa kwa kipeo cha tatu: ukisema milimita 0.25 badala ya 0.5, idadi inapanda mara nane. Kwa wanajiolojia, "mchanga" ni kila chembe kuanzia milimita 0.06 hivi hadi 2. Uwiano wa ncha hizo mbili ni kama 32, na 32^3 ni zaidi ya 32,000. Ndiyo maana makadirio mawili ya mchanga yanaweza kupishana mara maelfu na kila aliyepiga hesabu akawa hajakosea kuzidisha. Kosa la urefu wa pwani ni dogo ukilinganisha na hilo, ingawa ni kweli kwamba rula fupi hufuata kila kona na kukupa pwani ndefu zaidi.

Pia waangalie neno "fukwe" katika dai lile. Sahara ina eneo la kilomita za mraba milioni 9, na karibu robo yake ni matuta ya mchanga. Ukichukua kilomita za mraba milioni 2 tu kwa kina cha kukisia cha mita 20, ni mita za ujazo 4 × 10^13, sawa na chembe 4 × 10^23. Jangwa moja linazizidi fukwe zote zaidi ya mara elfu.

---

Darubini7 alijibu:

Naongeza upande wa nyota. Huku hatuhesabu, tunapima uzito.

Jua linazunguka kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde, umbali wa miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kinacholishikilia kwenye mzingo huo ni mvutano wa vitu vilivyo ndani ya mzingo. Kwa makadirio ya namna hii inatosha kutumia tungamo = v² × r ÷ G, ambapo v ni kasi, r ni umbali kutoka kitovuni, na G ni namba isiyobadilika ya mvutano. Weka v = 2.3 × 10^5 (mita kwa sekunde), r = 2.46 × 10^20 (mita), G = 6.67 × 10^-11. Unapata karibu kilo 2 × 10^41. Jua lina kilo 2 × 10^30. Gawanya: majua 10^11, yaani bilioni 100.

Hapo kuna mapungufu matatu, na wanafunzi wayataje wenyewe kabla hujawaambia. Tungamo hilo lina gesi na maada ya giza pia (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu), kwa hiyo nyota ni pungufu ya hapo. Nyota nyingi ni vibete vyekundu vyepesi kuliko Jua, kwa hiyo kwa tungamo hilohilo idadi inapanda. Na tumepima sehemu iliyo ndani ya mzingo wa Jua tu, nje bado zipo. Moja linashusha, mawili yanapandisha, ndiyo maana namba inayotajwa na wataalamu ni kati ya bilioni 100 na 400. Chombo cha anga cha Gaia cha kupima nyota, ambacho takwimu zake za 2022 zina vitu bilioni 1.8 hivi, kimeorodhesha karibu asilimia moja tu.

Sasa galaksi. Kati ya Septemba 2003 na Januari 2004 darubini ya Hubble ilikodolea kipande kimoja kidogo cha anga kwa jumla ya sekunde karibu milioni moja. Picha ikaonyesha galaksi karibu 10,000. Kipande hicho ni kama sehemu moja kati ya milioni 13 za anga lote. Kwa hiyo 10^4 × 1.3 × 10^7 = 1.3 × 10^11. Hicho ni kiwango cha chini, kwa sababu galaksi hafifu hazikuonekana. Galaksi 10^11, kila moja nyota 10^11: jumla 10^22.

Kosa kubwa ninaloliona likirudiwa ni hili. Utafiti wa 2016 ulikadiria galaksi trilioni 2, basi mtu anachukua trilioni 2 anazidisha kwa bilioni 100. Haifai. Ongezeko lile lote linatokana na galaksi kibete, ambazo kila moja ina nyota chache mno kuliko Njia Nyeupe. Ukipandisha idadi ya galaksi, wastani wa nyota kwa galaksi lazima ushuke. Namba mbili zinazozidishwa lazima zizungumzie kundi lilelile.

---

Mdadisi_wa_Anga aliandika:

Shukrani sana, hii ndiyo niliyoitafuta. Sasa nyota 10^22, mchanga wa fukwe 2.5 × 10^20. Naruhusiwa kusema nyota zimeshinda, au makosa ya makadirio yanameza tofauti? Na ile "kina cha mita 5" inachaguliwaje? Mwanafunzi ataniuliza kwa nini si 2 au 15.

---

Hesabu_Jumla alijibu:

Kina kinachaguliwa kwa mipaka. Jiulize thamani gani ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuiamini, na ipi ni kubwa kiasi hicho. Kwa ufukwe, chini ya mita 1 ni kidogo mno, juu ya mita 25 ni kingi mno. Usichukue 13 iliyo katikati kwa kujumlisha. Zidisha mipaka, kisha tafuta kipeuo cha pili: 1 × 25 = 25, kipeuo chake ni 5. Sasa uko mara tano kutoka kila upande. Ukichukua 13, uko mara 13 kutoka mpaka wa chini na mara mbili tu kutoka wa juu, umeegemea upande mmoja bila kujua. Kwa namba zenye vipeo ni rahisi zaidi: kati ya 10^10 na 10^14, chukua 10^12.

Kuhusu makosa, wengi hudhani yanazidishana yote. Ukiwa na vigezo sita, na kila kimoja kinaweza kukosea mara mbili juu au chini, hofu ni kwamba jibu litakosea mara 64. Hilo hutokea tu vyote sita vikikosea upande mmoja. Kama makosa hayategemeani, kipeo cha kosa hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vigezo: 2^√6, kama mara 5.5. Hii ndiyo siri ya kugawa swali gumu katika vipande vingi vyepesi. Ila sharti lake ni gumu: kigezo kimoja kibovu sana (kipenyo cha mchanga, kwa mfano) huharibu vyote, na hakuna kipande kingine kitakachokuokoa. Kwa hiyo muda wa kupima uutumie huko.

Jibu la swali lako: uwiano ni mara 40. Mchanga wa fukwe unaweza kupanda au kushuka mara 10 hivi, na makadirio ya nyota huwa kati ya 10^22 na 10^24. Kwa fukwe, nyota zimeshinda. Ukiingiza majangwa dai halisimami tena, na wanafunzi wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

---

Chembechembe alijibu:

Mfano wa galaksi kibete una ndugu yake ndani ya mwili, na huu unafaa sana darasani. Damu ina seli nyekundu kama milioni 5 katika kila milimita ya ujazo. Mtu mzima ana lita 5 hivi, sawa na milimita za ujazo milioni 5. Zao ni 2.5 × 10^13. Makadirio yaliyochapishwa 2016 yaliweka seli zote za mwili kwenye 3 × 10^13, yaani zaidi ya asilimia 80 ni hizo nyekundu. Lakini ujazo wake wote hauzidi lita mbili na nusu hivi. Anayegawanya uzito wa mwili kwa uzito wa "seli ya wastani" anapotea, kwa sababu kundi linaloamua idadi silo linaloamua uzito. Gawanya kwa aina kwanza, kisha jumlisha.

---

Kipeo_cha_Tatu alijibu:

Kuhusu swali la pili, la kuelewa: chora mstari wa mita moja, mwanzo uandike 0, mwisho bilioni. Waulize milioni ikae wapi kabla hujapima. Inakaa kwenye milimita ya kwanza. Fanyeni hilo mapema, litaondoa ile hali ya kuona milioni na bilioni kama majirani.

Baada ya hapo tumia muda. Sekunde 10^6 ni siku 11.6, 10^9 ni miaka 31.7, 10^12 ni miaka 31,700. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, sawa na sekunde 4.4 × 10^17. Tofauti uliyoitaja inaonekana hapohapo: anayehesabu kimoja kila sekunde atafika 10^19 baada ya umri wa ulimwengu mara 23, na 10^22 baada ya umri huo mara 23,000.

Kwa umbali, usilazimishe kipimo kimoja kifanye kazi yote. Jua likiwa na kipenyo cha milimita 1, Dunia iko sentimita 11 kutoka kwake, Neptuni mita 3.2, na Proxima Centauri, nyota ya karibu, kilomita 29. Hadi hapo bado inaeleweka. Njia Nyeupe nzima, miaka ya nuru 100,000, ingekuwa na upana wa kilomita 680,000, na hapo mfano umekufa, umeshapita Mwezi. Futa, anza upya: galaksi iwe mita 1. Andromeda, galaksi kubwa jirani, iko mita 25, na ukingo wa ulimwengu unaoonekana ni kilomita 465. Kwa kipimo hiki kipya umbali wa Jua hadi Proxima ni milimita 0.04. Mwanafunzi aandike kipimo cha kwanza kilizidishwa kwa ngapi kupata cha pili. Kipeo hicho ndicho anachopaswa kubaki nacho, picha ni ngazi ya kupandia tu.

---

Chembechembe alijibu:

Mkitaka kushuka chini badala ya kupanda, chukueni maji mililita 250. Moli moja ya maji ina gramu 18 na molekuli 6.02 × 10^23. Gramu 250 ÷ 18 ni moli 13.9, zidisha kwa 6.02 × 10^23: molekuli 8.4 × 10^24. Bahari zote zina lita 1.3 × 10^21 hivi, sawa na glasi 5.2 × 10^21. Mwaga glasi hiyo baharini, changanya hadi isambae sawasawa kila mahali, chota glasi nyingine popote: humo mna molekuli karibu 1,600 za ile ya kwanza.

Tahadhari moja kwa wanafunzi wakali: molekuli za maji hubadilishana atomi za haidrojeni muda wote, kwa hiyo "molekuli ileile" haidumu. Wafuatilie atomi za oksijeni badala yake. Kila molekuli ina moja, hesabu haibadiliki.