Pumu ya ngozi: dawa zipo, mbona wengine hazifiki mwilini? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Pumu ya ngozi (ekzema, ngozi kavu inayowasha) haina dawa ya kuimaliza kabisa, ila hutulizwa. Sasa mbona wa mjini mwenye bima nzuri anatulia na wa kijijini anajikuna mwaka mzima, wakati dawa za msingi ni zilezile? Wanaoijua kazi hii wamwage vitu, vipimo vikiwemo.

Mfamasia wa zamu
Mimi naanzia kwenye gramu, maana ndipo wengi wanapopunjwa. Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, toka nchani hadi mkunjo wa kwanza: hicho ni kipimo kimoja, kama gramu 0.5, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mguu mmoja pamoja na wayo unakula vipimo 8, yaani gramu 4. Miguu yote miwili ni gramu 8 kwa mpako mmoja.

Mgonjwa wa miguu yote miwili anapewa tyubu moja ya gramu 15 ya betametasoni (steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka), anaambiwa apake asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Akipaka inavyotakiwa, tyubu haitoshi hata siku ya kwanza. Basi anaipaka kiduchu, haponi, kwenye faili inaandikwa "dawa imegoma", anapandishiwa klobetasoli, steroidi kali zaidi. Dawa haijagoma, haikutosha! Steroidi kali hutosha kupakwa mara moja kwa siku. Hata hivyo miguu hiyo kwa siku 14 inataka gramu 112.

Mafuta ya kulainisha ngozi nayo: ugonjwa ukiwaka mwili mzima, mtu mzima hutumia hadi gramu 500 kwa wiki, mtoto kama nusu yake. Yawe ya mgando, yasiyo na harufu (hizo jeli za watoto zenye manukato huchokoza ngozi), na yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Bima mara nyingi huyahesabu kuwa kipodozi, kwa hiyo mzigo mkubwa wa kila mwezi unabaki mfukoni mwa mgonjwa.

Tabibu wa ngozi
Mfamasia kasema kweli, lakini wengine hata hiyo tyubu hawaifikii kwa sababu ugonjwa haukutambuliwa. Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaonekana kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa. Mtoto akaandikiwa "hali ya kawaida" huku halali usiku. Pima kwa mkono: joto, ukavu, ngozi iliyokuwa nene kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, vipele vidogo kwenye vinyweleo. Uliza usingizi.

Wakiwashwa nyumba nzima, hasa usiku na katikati ya vidole, fikiria upele wa kuambukizana (skabisi) kwanza. Alama ya duara yenye ukingo ulioinuka mara nyingi ni fangasi; steroidi itaificha tu, kisha isambae.

Kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilianza 1992 na kimefundisha maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika. Uliza kama hospitali ya mkoa wako ina mmoja wao kabla ya kukata tiketi ya Dar. Barua ya rufaa itaje dawa zilizotumika, nguvu zake na jumla ya gramu. Bila gramu, kule juu wanaanza upya.

Mchangiaji
Vipi krimu za "tatu kwa moja" za duka la dawa? Na zile sindano za aleji?

Mfamasia wa zamu
Ndugu yangu, hizo krimu ni steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Kwa pumu ya ngozi tupu, viwili vya mwisho unavilipia bure, na steroidi iliyomo mara nyingi ni kali mno kwa uso. Hapo haidrokotisoni 1% ndiyo ya kuanzia. Usichanganye klobetasoli na mafuta nyumbani ukidhani unaipunguza, nguvu haishuki kwa uwiano huo. Na hizo sindano, kama ni za steroidi, hutuliza kwa muda tu, halafu ugonjwa hurudi, pengine kwa kishindo.

Tabibu wa ngozi
Moja ya haraka: vidonda vidogo vya duara vilivyotoboka, vinauma, na homa juu. Hiyo ni hepesi (maambukizi ya virusi) juu ya pumu ya ngozi. Hospitali leo hii, asikloviri, dawa ya virusi hivyo, ianze. Usingoje siku ya kliniki.