Naomba ushauri: je, kipimo cha kuvu hewani cha mwezi Agosti kinaweza kuisemea maktaba wakati wa masika?

MkutubiPwani
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia chumba cha kusomea katika maktaba ya umma jijini Tanga, na kila mwaka masika inapoanza harufu ya koga hupanda, migongo ya vitabu vilivyo kwenye rafu inayogusa ukuta wa nje huota unga wa kijivu, na wasomaji wetu wenye pumu hutuaga mpaka mvua zikatike. Mwaka jana tulilalamika, mtu akatumwa kuja kupima hewa, lakini alikuja Agosti, upepo wa kusi ukivuma na madirisha yote yakiwa wazi. Akaacha sahani mbili za maabara za kunasia mbegu za kuvu mezani kwa dakika chache, na baadaye ikaandikwa kwamba hewa ni safi. Ukuta ukapakwa rangi juu ya madoa. Aprili hii madoa yamerudi palepale, hata umbo halijabadilika. Uongozi bado umeshikilia ripoti ile na unataka kununua kiyoyozi, kwa hoja kwamba tatizo ni joto tu. Nikiomba kipimo kirudiwe, niombe kifanywe vipi?

MaabaraKwanza
Ndugu Mkutubi, kipimo kile kilisema kweli, ila ni kweli ya saa ile. Kuvu za aina ya Cladosporium na Alternaria hung'olewa na upepo mkavu, hivyo mbegu zake hujaa hewani mchana wa jua, ilhali uyoga na kuvu nyingine nyingi huhitaji unyevu ndipo zirushe mbegu, na hizo huongezeka usiku na baada ya mvua. Aspergillus na Penicillium zina tabia nyingine tena: hustawi ndani ya jengo, kwenye karatasi, gundi na mbao zilizoloa, wala hazisubiri hali ya nje. Kwa hiyo hesabu ya ndani peke yake haina maana kubwa. Sahani ya ndani na ya nje ziwekwe saa ileile, kisha ulizeni kama ndani kuna nyingi kuliko nje, na kama ni za aina zilezile.

Utaratibu wa sahani ni rahisi kukumbuka: ikae wazi kwa muda wa saa 1, mita 1 kutoka sakafuni, mita 1 kutoka ukutani. Hata hivyo, sahani huzipendelea mbegu kubwa. Mbegu ya Alternaria yenye mikroni 20 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka mita 1 kwa dakika moja au mbili hewa ikiwa imetulia, lakini ya Aspergillus yenye mikroni 3 huchukua karibu saa nzima, na pangaboi likiwa linazunguka inaweza isitue kabisa. Mkipata chuo chenye mashine ya Andersen, inayovuta lita 28.3 za hewa kwa dakika, mtajua idadi kwa kila mita ya ujazo. Pimeni sasa, mrudie Agosti, kisha Novemba wakati wa vuli.

BarazaLaNyaraka
Mimi natofautiana kidogo na mwenzangu. Nimetunza majalada Unguja kwa miaka mingi, na ningekushauri uanze na kipimaunyevu kabla ya sahani, kwa kuwa kuvu haioti kwenye karatasi kavu. Unyevu ukishinda chini ya asilimia 60, mbegu zitatua na kulala tu. Kuhusu kiyoyozi, tahadhari sana: chetu kilikuwa kikizimwa jioni tunapofunga ofisi, hewa nzito ya masika ikaingia usiku na kukutana na kuta zilizopoa, na asubuhi makabati ya chuma tuliyakuta yanatiririka jasho. Sogezeni rafu mbali na ukuta, kagueni maji yanaingilia wapi, na msipanguse vitabu kwa brashi kavu, maana hapo mnazirusha mbegu zote puani mwenu.

MpitaNjia
Kuvu tumezaliwa nazo na tumekua nazo. Fungueni madirisha, basi.

TabibuWaKifua
Kwa mtu mwenye afya, MpitaNjia hajakosea sana. Lakini maktaba ya umma haichagui msomaji. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, akabaki na tundu kwenye pafu, anaweza kuotewa humo na Aspergillus, akakohoa damu na kudhaniwa kwamba TB imerudi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Aspergillus fumigatus katika kundi la kwanza la kuvu hatari. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, halikuweka kikomo chochote cha idadi ya mbegu hewani. Lilisisitiza kuondoa unyevu wenyewe. Nukuu hilo mbele ya uongozi, kwa sababu neno "safi" katika ripoti yenu halina kipimo cha kuliegemea.

MkutubiPwani
Nawashukuru sana. Leo fundi amepanda juu ya paa, na gata lililo nyuma ya rafu ileile amelikuta limeziba kwa majani ya mwarobaini, maji yanafurika na kuteremka ndani ya ukuta. Kipimaunyevu nimeazima kwa rafiki. Saa mbili asubuhi kimesoma 84. Ndugu MaabaraKwanza, mvua ikinyesha, sahani ya nje niiweke wapi?

MaabaraKwanza
Chini ya baraza, isifikiwe na matone, na iwe mbali na jalala na rundo la majani yaliyotoka kwenye gata.