Freddie Mercury wa filamu: nani amemtwika lawama?

Jana usiku tulikusanyika Langoni, hapa Lamu, tukaangalia Bohemian Rhapsody, ile filamu ya 2018 ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, tukaachana tumenuniana. Naleta ugomvi huku.

Wenzangu walikasirika kwamba Zanzibar imerukwa. Mtoto kazaliwa Mji Mkongwe 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ikakimbia Mapinduzi ya 1964, na hadithi yake kwenye filamu yaanza naye akipakua mizigo uwanja wa ndege London! Mimi hilo halinikeri sana.

Linalonikera ni lawama. Filamu yasema Freddie alivunja bendi kwa uroho wa albamu yake mwenyewe, kisha akarudi kuomba msamaha kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley, London, Julai 1985. Uongo. Mwezi Mei mwaka huohuo Queen walikuwa pamoja jukwaani Japani. Na Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ameshatoa albamu yake 1981, miaka 4 kabla ya Freddie. Mbona yeye hakuitwa msaliti?

Wa Mkomani:
Ndugu yangu, filamu si hati ya kadhi. Fumo Liyongo twamsoma hadi leo, kachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, na sijasikia mtu akimdai mtunzi tarehe. Hata ule ugonjwa wake wa UKIMWI najua wameusogeza: kwenye filamu awaambia wenzake kabla ya Live Aid, na inavyojulikana alipimwa baadaye, kama 1987. Lakini bila hilo ungelia? Mimi nililia.

Mleta mada:
Nami nililia, ndipo nikahisi nimeibiwa. Siku ile Wembley aliimba mtu aliye kazini, si mtu anayeaga. Halafu Liyongo hakutungiwa na wenzake waliokuwa na lao la kuficha. Hapa Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Taylor walikuwamo katika utengenezaji, nao ndio wanaotoka wasafi, waume wa watu, wenye subira. Mkosa ni yule aliyefariki Novemba 1991.

Wa Shela:
Mwagombania mtu ambaye Unguja wenyewe walimkataa. 2006 ilipangwa sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha dini kikapinga, ikafutwa. Filamu imeiruka Unguja, na Unguja ilishamruka yeye. Ngoma droo.

Mleta mada:
La Unguja nakupa. La albamu ya 1981 bado namngoja Wa Mkomani.

Wa Mkomani:
Nimekwenda kuswali, narudi.