Aya zangu zinawachosha wasomaji, nifanyeje?

Kalamu Butu: Wakuu, heshima kwenu. Nina hadithi naitupia kwenye grupu la WhatsApp, nipo sehemu ya sita. Mwanzoni watu walikuwa wanadai muendelezo hadi usiku wa manane, sasa kimya. Dada mmoja kanifuata pembeni: "Kaka, hadithi tamu, ila nikifungua nakuta ukuta wa maneno." Nikaanza kukata kila baada ya mistari mitatu, ikawa kama orodha ya kwenda sokoni. Kipande hiki hapa, nyundo ruksa:

"Alifika nyumbani saa mbili usiku na umeme ulikuwa umekatika na alipapasa ukuta na aligusa kitasa na alihisi kina majimaji na alimwita mama yake na mama hakuitika."

Mzee Kalamu Nyekundu: Kijana, urefu unausingizia. Una "ali" tano na "na" sita kwenye pumzi moja! Kiswahili kimekupa -ka- bure, itumie:

"Alifika nyumbani saa mbili usiku. Umeme ulikuwa umekatika. Akapapasa ukuta, akagusa kitasa. Kina majimaji."

Kata hapo. Aya inayofuata iwe neno moja tu:

"Mama?"

Hilo la kutoitika usiliandike kabisa. Ile nafasi tupu itasema. Na ukitaka mwendo upoe, acha -ka-, nenda kwenye "alikuwa akisikiliza", "huku akipapasa".

Binti Mkwezi: Shikamoo Mzee. Mimi naongezea: jirekodi ukisoma. Unapoishiwa pumzi, sentensi imekushinda. Halafu kuna riwaya niliyoipenda, nikanakili sura yake nzima kwa mkono kwenye daftari. Vidole viliuma, lakini ndipo nilipoona mwandishi anavunja aya anapobadilika msemaji, au macho yanapohama kutoka mlangoni kwenda kitandani. Shuleni tuliambiwa aya moja wazo moja, basi. Kwa insha sawa.

Mbishi wa Zamu: Napinga kidogo. Simu isiwapangie urefu wa aya. Mhusika anayekaa matanga siku ya tatu, mpe aya ndefu, msomaji achoke naye.

Kalamu Butu: Asanteni wote 😂. "Mama?" nimeiacha peke yake. Sasa nimerudi sehemu ya nne, yote haina -ka- hata moja. Nairudia au nasonga?

Mzee Kalamu Nyekundu: Songa. Wanangoja ya saba.